Nani Anastahili Ukuta wa Sebuleni?

Picha kubwa ukutani haimsubiri mtu aombe kuiona. Kitabu hufunguliwa na anayetaka kukisoma, na albamu hutolewa kabatini mgeni akishamaliza chai yake. Lakini picha ya sentimita 60 kwa 80 iliyotundikwa juu ya kochi huonwa na kila anayevuka kizingiti, apende asipende. Anayekuja kudai deni huiona, anayekuja kuposa huiona, na watoto wa nyumba hiyo hukua chini yake. Kwa hiyo swali la picha gani itundikwe, na kwa ukubwa gani, si la urembo peke yake. Ni swali la maadili. Nitajaribu kulijibu nikizitazama nyumba za mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, hasa Rumonge, mji ulio kilomita zipatazo 70 kusini mwa Bujumbura, ambako sura za watu zimepotea kwa namna ambayo wengi wangependa kuzirudisha.

Tuanze na kilichobadilika. Kwa muda mrefu picha za nyumbani zilikuwa ndogo kwa sababu karatasi na dawa za kusafishia picha zilikuwa ghali. Familia ilikuwa na kalenda, picha moja ya harusi kwenye fremu ya kioo, na nyingine chache zilizochomekwa pembezoni mwa fremu hiyohiyo. Siku hizi mtu huituma picha kwa simu hadi kwa mchapaji wa mjini, akarudishiwa kanvasi, yaani kitambaa kizito kilichochapwa wino na kuvutwa juu ya fremu ya mbao. Haina kioo, haing'ai taa ikiwaka, na kwa mbali hufanana na mchoro wa rangi. Zamani ufinyu wa mfuko ndio uliotuamulia ukubwa wa picha. Sasa tunaamua wenyewe, na anayeamua huulizwa sababu.

Ukubwa nao una lugha yake. Sote tumeifundishwa ofisini, ambako picha ya mkuu wa nchi hutundikwa juu, nyuma ya kiti cha mwenye ofisi. Juni 2020 Rais Pierre Nkurunziza alifariki, Rais Évariste Ndayishimiye akaapishwa mwezi huohuo, na picha za ofisini zikabadilika. Hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake. Aliye juu na mkubwa ndiye mwenye neno hapa. Sebule hutumia lugha hiyohiyo hata pale mwenye nyumba anapodhani kwamba amepamba tu. Ukitundika picha yako ukiwa peke yako, umesimama kando ya gari, umeshamwambia mkeo na wanao jambo fulani kabla hujafungua kinywa.

Wapo watakaosema kwamba njia rahisi ya kuukwepa mzigo huu ni kutundika mandhari badala ya watu. Mlima hauna haki ya kudhulumiwa. Ni kweli kwa kiasi fulani, na picha nyingi za kanvasi zinazouzwa tayari ni za namna hiyo: theluji za Ulaya, majani mekundu ya msimu ambao sisi hatuna, maghorofa ya Dubai usiku. Simlaumu anayezinunua, kwa maana kutamani mahali ambako hujafika si dhambi. Nauliza tu kwa nini mtu aliyezaliwa hatua mia moja kutoka kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470, la pili kwa kina duniani, aone kwamba maji yasiyofaa kuwa picha ni yale ya kwao. Huenda ni kwa sababu tunachokiona kila siku hatukioni tena. Picha nzuri ya ziwa ingeweza kutufumbua macho.

Lakini hata ziwa lina ukweli wake, na ukweli huo una watu. Chukua mfano wa picha inayopendwa na wengi: mbalamwezi kamili juu ya milima ya Congo, na chini yake safu ya taa za wavuvi. Ni picha ya kupendeza, na mvuvi yeyote wa Rumonge akiiona atacheka. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa haushindani na mwanga wa juu, samaki hawakusanyiki, na mitumbwi mingi hupumzika. Usiku wa picha hiyo ni wa kutungwa kwenye kompyuta. Je, kuna ubaya? Katika nyumba ya mtu wa mbali, pengine hakuna. Katika nyumba ya mvuvi, picha hiyo inamwambia mtoto wake kwamba kazi ya baba yake ni pambo, wala haina haja ya kujulikana vizuri.

Halafu kuna mvuvi mwenyewe. Picha ya mzee asiye na shati akivuta wavu, mishipa ya mikono imesimama, jasho linang'aa, ni picha ambayo hoteli ingejivunia kuitundika mapokezi. Mwenye picha amelipwa, mchapaji amelipwa, na mwenye hoteli amepata ukuta mzuri. Mzee hajui kwamba mgongo wake uko Bujumbura. Sheria inaweza kuwa na majibu yake. Mimi nasema kuhusu adabu. Mtu anapofanywa pambo bila kuulizwa, hata kwa sifa, amehesabiwa pamoja na vyombo. Kuuliza jina lake na kuliandika nyuma ya fremu ni jambo dogo, na kumpelekea nakala ni dogo vilevile. Nadhani yule ambaye hayuko tayari kufanya hata hayo mawili hajastahili kuitundika picha hiyo, hata kama ameinunua kwa halali.

Kuna pingamizi kubwa zaidi ambalo haliwezi kuachwa katika mji kama Rumonge, wenye Waislamu na Wakristo wanaoishi mlango kwa mlango. Katika Uislamu wanazuoni wametofautiana kuhusu picha za viumbe wenye roho. Wapo wanaozikataa zote ukutani, na wapo wanaotofautisha sanamu ya kuchongwa na picha ya kamera. Sina elimu ya kuamua kati yao, na nyumba inayochagua kutotundika sura yoyote ninaiheshimu. Ila naona kwamba ndani ya katazo hilo limo onyo linalomfaa hata asiyelifuata: kitu kinachoinuliwa juu na kukuzwa huanza kudai heshima isiyo yake. Hofu hiyo si ya bure. Nimeona nyumba ambazo picha ya marehemu hufutwa vumbi kila asubuhi, na mjane wake aliye hai analala chumba kinachovuja. Hapo picha imekula haki ya mtu.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tarehe 29 Aprili 1972 yalianza mashambulizi kusini mwa Burundi, Rumonge ikiwemo, na Watutsi wengi waliuawa. Yakafuata mauaji ya dola dhidi ya Wahutu, nchi nzima na kwa idadi kubwa zaidi mno, waliosoma wakitafutwa kwanza. Watu kwa maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakaishi miaka mingi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Baadhi yao walipewa uraia wa huko. Wengine walirudi, hasa kuanzia mwaka 2008. Mtu anayekimbia habebi albamu. Ndiyo maana katika familia nyingi za huku, za pande zote, sura ya babu au ya mjomba imebaki kwenye kipicha kimoja, au haikubaki kabisa.

Katika ukoo wetu kipo kimoja. Ni picha ya baba yake mama, ndogo kama za kitambulisho, na muhuri umekata bega lake la kushoto. Bibi aliivusha mpaka ikiwa imefungwa kwenye pindo la kitenge, na akarudi nayo. Mjomba anataka ikuzwe iwe kanvasi kubwa, muhuri ufutwe, na shati lenye kola iliyojikunja libadilishwe kwa suti na tai. Mama hataki. Wote wawili wanampenda baba yao, na mmoja wao hakuwahi kumwona akiwa na akili ya kumkumbuka.

Tuangalie kwanza kinachotokea picha ndogo inapokuzwa, maana hapo ndipo hoja inapoanzia. Picha ya pasipoti ina milimita 35 kwa 45. Ukiipeleka kwenye kanvasi ya sentimita 60 kwa 80, eneo lake linakua karibu mara 300. Ukiiskani kwa nukta 300 kwa kila inchi, utapata nukta 413 hivi kwa 531. Zikitandazwa kwenye kanvasi hiyo, kila nukta itakuwa na upana wa karibu milimita moja na nusu. Picha ya simu ya leo yenye nukta 3,000 kwa 4,000 ingeweka nukta tano katika kila milimita moja. Maana yake ni kwamba kwenye kipicha cha babu hakuna kope, hakuna mikunjo ya ngozi, hakuna mng'ao wa jicho unaoweza kukuzwa. Kilichopo ni kivuli cha mtu. Programu za kisasa huziba pengo hilo kwa kukisia: zimefundishwa kwa nyuso nyingi sana, nazo hutoa kope na ngozi zinazofanana na za watu. Lakini ni za watu wengine. Tutakuwa tumetundika sura ambayo nusu yake haikuwahi kuwa ya babu, na tutawaambia wajukuu, "Huyu ndiye."

Mjomba ana jibu, na si jibu jepesi. Husema, "Baba hakuwahi kupata suti. Nikimpa leo, namkosea nini?" Anaongeza kwamba picha ndogo ni ya watu wasio na kitu, na kwamba waliomuua walitaka asionekane tena, kumfanya mkubwa ni kuwashinda. Tena studio za Afrika Mashariki hazijawahi kuwa mahali pa ukweli mtupu. Zanzibar, Mombasa, Bujumbura, mpigapicha alikuwa na koti la kuazimisha na pazia lililochorwa. Miaka ya 1990 wapigapicha wa kivuko cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vya mandhari ya kuchorwa, na mtu aliyekuwa akisubiri kuvuka alipigwa picha kana kwamba yuko mbali na pale. Kama hao hawakudanganya, mjomba anadanganya vipi?

Nimelifikiria swali hilo kwa muda. Tofauti ninayoiona ni hii: aliyeazima koti studio aliliazima mwenyewe. Alisimama, akajitazama, akachagua namna ya kukumbukwa. Koti lilikuwa la mpigapicha lakini kauli ilikuwa yake. Babu hakuchagua suti. Tukimvalisha, sisi ndio tunaosema, kwa kutumia kinywa chake. Na tunachosema kina harufu ya aibu, kama kwamba shati lake halikutosha kumfanya mtu. Wakati alipopigwa picha ile alikuwa na ardhi, mke, watoto na jina. Kola iliyojikunja haikumpunguzia lolote. Tukiificha leo, tunawafundisha wajukuu kwamba heshima ya mtu iko kwenye vazi, funzo ambalo ukoo wetu haukuwahi kulihitaji.

Kuhusu muhuri, naona mama amefikia jambo zito zaidi. Husema, "Kaka, huo muhuri ndio unaoonyesha ilikotoka." Bila muhuri, hii ni picha ya mwanamume yeyote wa zamani. Ukiwepo, tunajua kwamba ilibanduliwa kwenye kitambulisho, kwamba hakuna nyingine iliyokuwepo, na kwamba kuna mtu aliyeona hatari akaamua kuokoa kipande hicho cha karatasi. Doa hilo ni sehemu ya habari ya babu. Anayelifuta kwa nia njema anaifuta pia kazi ya bibi.

Lakini siwezi kumwacha mjomba bila kitu, kwa sababu hoja yake ya kuonekana ni ya kweli. Watu waliofanywa wasionekane wana haki ya ukuta. Kwa hiyo napendekeza ukubwa utenganishwe na uongo. Zipo njia za kufanya hivyo. Kanvasi inaweza kuwa kubwa na picha ikabaki ya kiasi katikati yake, nyeupe ikiwa imeizunguka, muhuri ukiwa mahali pake. Mgeni atalazimika kusogea, na kusogea ni heshima. Au familia imtafute mchoraji amchore babu kwa kadiri bibi anavyomkumbuka, kwa suti wakipenda, na chini yake iandikwe kwamba ni mchoro. Mchoro hausingizii. Unasema wazi kwamba huyu ni babu kama tunavyomtamani, na kutamani hakukatazwi. Kinachokatazwa, kwa maoni yangu, ni kukipa kisio sura ya ushahidi.

Nimemtaja sana aliye pichani. Wapo pia wanaokaa chini ya picha, nao wana haki zao. Mfano wa kawaida ni mjane wa kiume aliyeoa tena. Watoto wanataka picha kubwa ya harusi ya mama yao marehemu ibaki sebuleni, na mke mpya anapakua chakula kila siku chini ya macho ya mwenzake. Watoto wakilazimishwa kuishusha watahisi mama amezikwa mara ya pili. Mke akilazimishwa kuivumilia atahisi ni mgeni kwake. Sidhani kuna kanuni ya kuwaamulia, lakini najua asiyepaswa kuamua peke yake: baba. Picha ikihamia chumba cha watoto kwa maneno mazuri na kwa ridhaa yao, haikudharauliwa. Ukuta wa sebuleni ni wa wote, na picha yake isiwe ya kumnyima mtu raha ya kukaa.

Jambo hilo huwa gumu zaidi pale ambapo mgeni anayeingia ni jirani wa mgogoro. Wengi waliorudi kutoka Tanzania walikuta mashamba yao ya michikichi na mihogo yakilimwa na wengine, na baadhi ya hao walikuwa wamegawiwa na serikali. Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine iliundwa mwaka 2006 kushughulikia kesi hizo, na katika miaka ya mwanzo suluhisho mojawapo lilikuwa kugawana shamba. Katika hali hiyo picha kubwa ya babu ukutani husema jambo la pili: huyu ndiye aliyekuwa mwenye hapa. Jirani anayekuja kuazima panga huisoma. Je, tuishushe ili tusimuudhi? Hapana, aliyefiwa hana sababu ya kuficha wafu wake. Lakini naona kuna tofauti kati ya kumkumbuka babu na kumtundika awe hati ya shamba. Tofauti hiyo huonekana katika maneno tunayowaambia watoto jirani akishatoka. Wakiambiwa "babu yenu alipenda kupanda michikichi," picha ni kumbukumbu. Wakiambiwa kila siku "tazameni nani anakula jasho lake," tumemfanya marehemu askari wa vita ambavyo hakuvichagua. Na kwa jirani, pengine yupo naye mfu ambaye hana hata kipicha.

Mwisho, si kila picha ya kweli ni ya ukutani. Mwandishi wa Ufaransa Roland Barthes, katika kitabu chake *La Chambre claire* cha mwaka 1980, aliandika kurasa nyingi kuhusu picha moja ya mama yake akiwa mtoto, picha ambamo alimpata mama yake kuliko katika nyingine zote. Kitabu kina picha nyingi, hiyo hakuiweka. Aliona kwamba kwa wasomaji ingekuwa picha ya kawaida tu. Nadhani alikuwa na haki. Kuna sura ambazo zikianikwa mbele ya kila mgeni hupungua, na mahali pake ni ndani ya Biblia au msahafu, au kwenye pindo la kitenge.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tukiingia, mahali pa kwanza macho yanapotua ni ukutani, na pale hufahamika nani anaheshimiwa katika nyumba hiyo na kwa gharama ya nani. Anayenuia kuagiza kanvasi atapewa mashauri mengi na mafundi, na ni mashauri mazuri: tuma picha halisi badala ya ile iliyopunguzwa na WhatsApp, usiitundike pale jua la jioni kutoka ziwani linapopiga moja kwa moja maana rangi zitafifia, acha nafasi nyuma yake unyevu usishike kitambaa. Mimi ningeongeza shauri moja. Kabla ya kulipa, mfikirie mtu aliye pichani ameketi kwenye kochi lako, jirani yako akiwa upande wa pili, na wewe umesimama ukiwaeleza kwa nini picha hii, kwa nini kubwa hivi, na nini umebadilisha. Kama unaweza kuyasema yote hayo mbele yao bila kupunguza sauti, ipigilie msumari. Kama kuna sehemu ungeiruka, fanya picha iwe ndogo mpaka sehemu hiyo iishe.